Maswali ya Wasomaji: anayefuata sheria na anayeisimamia

Swali la kwanza

Ndugu mhariri wa safu ya lugha, mimi ni dereva wa lori katika mgodi mmoja ulio nje kidogo ya Lubumbashi. Wakubwa wetu wa kazi huzungumza Kiingereza, nasi wengi wetu tulisoma kwa Kifaransa. Mwezi uliopita niliandika ripoti yangu ya kwanza kwa Kiingereza, nikaimaliza kwa sentensi hii: "I always enforce the speed limit." Nilitaka kusema kwamba siku zote ninafuata kikomo cha mwendo. Msimamizi aliisoma, akacheka, akaniuliza tangu lini nimepewa kazi ya kuwakamata madereva wenzangu. Tena langoni kwetu pana kibao kilichoandikwa "Speed limit 20 km/h, strictly enforced", na chini yake mtu ameongeza kwa Kiswahili: "Mwendo wa kilomita 20 unalazimishwa sana." Mimi nilipendekeza waandike "unasimamishwa kwa nguvu", nikaambiwa nisubiri kwanza. Neno hili "enforce" lina maana gani hasa, na Kiswahili chake ni kipi?
Dereva, komini ya Ruashi

Jibu

Ndugu dereva, msimamizi wako hakukosea kucheka, ingawa baada ya kicheko ingefaa akueleze. Sentensi yako, jinsi ilivyo, inasema kwamba wewe unasimama kando ya njia mle mgodini, unawapima wenzako mwendo, na anayepita kilomita 20 unamchukulia hatua. Kila kanuni huzungukwa na watu watatu: yupo aliyeitunga, yupo anayetakiwa kuifuata, na yupo aliyepewa mamlaka ya kumbana asiyetaka kuifuata mpaka aifuate au alipe. Kiingereza kimempa kila mmoja wao kitenzi chake. Wa kwanza, akiwa ni bunge, anapewa "enact". Wa pili ana "obey", "follow", "observe" na "comply with". Wa tatu ndiye peke yake mwenye "enforce". Wewe ni wa pili. Ungeandika "I always observe the speed limit", au kwa lugha nyepesi zaidi "I always keep to the speed limit", na ripoti yako ingetiwa sahihi bila swali.

Lipo jambo jingine ambalo kamusi nyingi hazilisemi wazi. Kitenzi hiki huchukua sheria kuwa yambwa yake, yaani kitu kinachotendewa, hakimchukui mtu. Kiingereza cha karne zilizopita kiliweza kusema kwamba fulani "amekuwa enforced" kufanya jambo, yaani ameshurutishwa, lakini cha leo hakikubali tena. Polisi hawezi "kumfanyia enforce" dereva, anaifanyia hivyo sheria, na dereva, akitajwa, huja nyuma akiongozwa na "on" au "against": "They enforce the rule on visitors too." Mara nyingi mtu huyo hatajwi kabisa, kama hakutajwa kwenye kibao chenu. Mwingereza akisoma maneno yale mawili ya mwisho, anajijazia mwenyewe kwamba kuna mtu aliyejificha mahali fulani na kipima mwendo, na kwamba radhi hazitasikilizwa. Neno "strictly" linamwambia hilo la pili. Likiondolewa, kanuni ipo na mlinzi yupo, ila labda siku nyingine mlinzi anatazama kando.

Sasa tuje kwenye tafsiri, na hapa ndipo nitakapokaa, kwa sababu Kiswahili hakikukosa maneno. Kinayo manne au matano, na kila moja linavuta upande wake.

Kulazimisha na kushurutisha, maneno tuliyoyapokea kutoka Kiarabu na kuyafanya yetu, yanamhitaji mtu. Alinilazimisha kuvaa kofia ya usalama, walimshurutisha kulipa. Sheria yenyewe hailazimishwi, kwa kuwa haina hiari ya kuvunjwa. Kwa hiyo kibao chenu kinasema kwamba mwendo ndio uliolazimishwa, na mgeni anayekisoma kwa makini ana haki ya kudhani kwamba amekatazwa kwenda chini ya kilomita 20, hata akifika kwenye tope. Nalo neno "sana" linazidi kumtisha.

Kutekeleza ni neno zuri, na ndilo magazeti na redio hulitumia zaidi, lakini lina milango miwili. Dereva anayekwenda kilomita 18 ametekeleza kanuni; mlinzi aliyemkamata wa kilomita 40 naye ametekeleza kanuni. Kosa lako katika ripoti limezaliwa hapo hapo: ulifikiri "kutekeleza", ukafungua kamusi, ukakuta "enforce" imeandikwa mbele yake. Kamusi haikudanganya, ila ilikupa neno la mlinzi wakati ulitaka neno la dereva. Aidha, kutekeleza hubeba maana ya tatu ambayo kwa Kiingereza ni "implement", yaani kuiondoa sheria kwenye karatasi na kuipa ofisi, fomu, fedha na watumishi. Serikali inaweza kutekeleza sheria kwa maana hiyo, ikafungua ofisi na kupaka rangi milango, na bado asibanwe mtu hata mmoja.

Kusimamia ndilo neno ninalolichagua. Linatokana na kusimama, na kiambishi chake cha kutendea kinamweka mtu amesimama juu ya jambo, kwa ajili yake, asiliache lianguke. Msimamizi wa kazi anafahamika, msimamizi wa mtihani anafahamika. Anayesimamia sheria ni yule ambaye mbele yake sheria haiwezi kupindwa. Yambwa yake ni sheria, sawa na ya Kiingereza. Upungufu wake ni upole: mtu anaweza kusimamia akiwa amekaa kivulini. Panapohitajika ukali, huongezewa: kusimamia bila kulegeza, kusimamia kikamilifu.

Lakini, ndugu dereva, tazama kiambishi! Ulichopendekeza wewe ni kusimamisha, na herufi mbili hizo zinageuza mambo yote juu chini. Kusimamisha sheria ni kuizuia isifanye kazi, kama mfanyakazi anavyosimamishwa kazi au gari linavyosimamishwa njiani. Kibao chako kingewatangazia madereva wote kwamba kikomo cha mwendo kimeondolewa, tena kwa nguvu. Nashukuru waliokuambia usubiri.

Kwa hiyo langoni kiandikwe nini? Naona tusitafsiri neno kwa neno. Tangazo la Kiswahili halipendi kumficha mtu. Hupenda kumwambia kitakachompata. "Usikojoe hapa, faini" ni sarufi yetu halisi ya ukutani, na kila mmoja wetu aliiona kabla hajajua kusoma vizuri. Mimi ningeandika: "Mwisho wa mwendo ni kilomita 20 kwa saa. Atakayezidisha ataadhibiwa." Neno "enforced" halionekani popote katika sentensi hizo, nalo limo lote.

Kabla sijakuacha, tahadhari moja inayowahusu wote waliopitia shule ya Kifaransa. Neno hili Waingereza walilipata kwa Wafaransa wa zamani, waliosema "enforcier", lenye shina la Kilatini "fortis", yaani mwenye nguvu. Mwanzoni lilimaanisha kutia nguvu, hata ngome iliweza kutiwa nguvu kwa neno hilo. Baadaye Kifaransa kikaliacha, kikabaki na "renforcer", na Kiingereza nacho kikaunda "reinforce" kwa ajili ya ngome na zege, kikaliacha "enforce" lishughulike na sheria. Matokeo yake, Mkongomani anayeona "enforce the law" huwaza mara moja "renforcer la loi", yaani kuifanya sheria iwe kali zaidi. Sivyo. Sheria ya faini ya faranga chache, ikisimamiwa kila siku bila upendeleo, imekuwa "enforced" ingawa haikuongezwa ukali hata chembe. Na sheria inayotaja miaka 20 ya kifungo yaweza kuongezewa mingine 10 na isimguse mtu. Kifaransa cha leo, kwa kukosa kitenzi kimoja, hutumia viwili: "faire respecter", "faire appliquer". Kiswahili kingeweza kufuata njia hiyo na kusema "kuifanya sheria iheshimiwe", na sina ugomvi na anayesema hivyo. Nimesikia pia "kuheshimisha sheria". Masikioni mwangu bado ni changa, ila kiambishi chake kimekaa mahali pake.

Na "in force" ni jambo jingine tena. Sheria iliyo "in force" imeanza kutumika tu. Katika nchi yetu, ibara ya 142 ya Katiba ya 18 Februari 2006 inasema sheria huanza kutumika siku 30 baada ya kuchapishwa katika gazeti rasmi, isipokuwa sheria yenyewe ikisema vingine, na inaitaka Serikali iisambaze kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha nne za taifa ndani ya siku 60 tangu kutiwa sahihi na Rais. Kiswahili ni mojawapo ya lugha hizo nne. Nawaachia wasomaji waseme ni mara ngapi wameshika mkononi sheria iliyoandikwa kwa Kiswahili.

Mfano wa sheria inayotumika bila kusimamiwa ninao jikoni kwangu. Amri ya Serikali ya Desemba 2017 ilikataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia mifuko ya plastiki katika Kongo nzima. Asubuhi ya leo nimenunua nyanya na lengalenga, mama muuzaji akanitilia zote katika sashe nyeusi, akaifunga fundo, akaniuliza kama nataka ya pili. Linganisha na Kenya, namaanisha nchi, si komini yetu ya hapa Lubumbashi yenye jina hilo: huko marufuku ya mifuko hiyo ilianza tarehe 28 Agosti 2017, ikataja faini inayofika shilingi milioni 4 au kifungo kisichozidi miaka 4, na watu wakafikishwa mahakamani. Mwandishi wa Kiingereza angezisema habari hizo mbili kwa sentensi fupi: marufuku ya kwanza "is in force but not enforced", ya pili "is in force and enforced". Sheria ya aina ile ya kwanza, nasi tuna neno letu lisilohitaji tafsiri: ni sheria kibogoyo.

Swali la pili

Mwalimu mpendwa, mimi ni mwanafunzi wa sheria. Profesa wetu hufundisha "voies d'exécution", yaani njia za kutekeleza hukumu, nami nikitafuta vitabu vya Kiingereza kwa neno "execution" napata habari za watu kunyongwa. Rafiki aliyesomea Ndola, Zambia, anasema nitafute "enforcement". Je, ni kitu kimoja?
Mwanafunzi wa kike, komini ya Kampemba

Jibu

Binti yetu, rafiki yako amekuonyesha njia iliyo sawa. Kiingereza cha wanasheria bado kinalo neno "execution" kwa maana ya profesa wako, hasa katika amri ya mahakama ya kukamata mali ya mdaiwa, lakini kwa raia wa kawaida neno hilo linanuka damu. Mwanasheria wa London akipewa kichwa cha ile sheria ya OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara, ya mwaka 1998 kuhusu kudai madeni na "voies d'exécution", ambayo imefanyiwa marekebisho mwaka 2023 na inatuhusu tangu Kongo ilipoingia OHADA mwaka 2012, jambo la kwanza litakalomjia kichwani ni "enforcement of judgments".

Ukitaka kuona maana ya neno hili kwa macho, usiende mbali. Chukua hukumu yoyote iliyotolewa na mahakama zetu pamoja na ile fomula ya mwishoni inayoipa nguvu ya kutekelezwa, uisome polepole. Inawaamuru wale wahudumu wa mahakama wanaoitwa "huissiers" waitekeleze hukumu. Inawaamuru waendesha mashtaka wa Jamhuri waishikilie. Kisha inawaamuru makamanda na maofisa wa jeshi watoe msaada wa nguvu watakapoombwa kisheria. Kwa Kifaransa msaada huo unaitwa "main forte", mkono wenye nguvu, na ndani yake limo lile lile shina la "fortis" nililomtajia dereva wa Ruashi. Hakimu amekwisha kusema. Ila maneno yake, bila mikono hiyo mitatu, ni karatasi yenye muhuri.

Wamarekani wanayo hadithi mashuhuri juu ya jambo hilo. Mwaka 1832 Mahakama Kuu yao, chini ya jaji John Marshall, iliamua katika kesi ya Worcester dhidi ya Georgia kwamba jimbo la Georgia halikuwa na mamlaka ya kutumia sheria zake katika ardhi ya Wacherokee, mojawapo ya makabila ya wenyeji wa asili wa Amerika. Rais Andrew Jackson husimuliwa kuwa alijibu kwamba Marshall ametoa uamuzi wake, basi na aufanyie "enforce" mwenyewe. Wanahistoria wanaona kwamba maneno hayo hakuyatamka, kwani yalikuja kuchapishwa miongo mitatu baadaye. Hata hivyo hayakufa, kwa sababu yanaonyesha mahali neno hili linapokaa, yaani katika nafasi iliyo kati ya kalamu ya jaji na mlango wa mtu. Mwaka 1957 nafasi hiyo ilijazwa kwa namna nyingine: Rais Eisenhower aliwapeleka askari wa miamvuli mjini Little Rock ili wanafunzi tisa weusi waingie katika shule ambayo mahakama ilikuwa imekwisha kuamuru wapokelewe. Kwetu, ibara ya 151 ya Katiba inaikataza Serikali kupinga utekelezaji wa uamuzi wa mahakama. Jackson wa hadithi angekuwa ameivunja.

Kwa Kiswahili, majirani zetu wa Tanzania wana msemo wa mahakamani ninaoupenda kuliko yote: kukazia hukumu. Aliyeshinda kesi na asilipwe hurudi mahakamani kuomba hukumu yake ikaziwe, na anayetumwa kukamata mali huitwa dalali wa mahakama. Hapa Lubumbashi, mji wa mafundi, kukaza si neno la kufundishwa: bolti isiyokazwa ipo mahali pake, inaonekana kabisa, na gurudumu litatoka. Andika "kukazia hukumu" katika kazi yako, kisha uieleze kwa mstari mmoja, profesa hatakasirika.

Usichanganye hilo na "impose". Jaji "anaimpozi" faini, yaani anaitoza, anaiweka. Anayekuja kuidai nyumbani ndiye anayefanya "enforce". Vitenzi viwili, siku mbili tofauti, na mara nyingi miaka miwili.

Swali la tatu

Mhariri, mimi ni mzee wa Kamalondo. Mwaka 1961 nilikuwa mtoto, na mwezi wa Desemba tulilala chini ya vitanda siku nyingi askari wa ONU, yaani Umoja wa Mataifa, walipopigana mjini na wale wa Tshombe, kiongozi wa Katanga iliyojitenga. Walikuwa wamekuja kwa jina la amani, baba yangu akawa anauliza ni amani gani yenye mizinga. Siku hizi redioni nasikia maneno mawili ya Kiingereza, "peacekeeping" na "peace enforcement". Wale wa utoto wangu walikuwa upande gani?

Jibu

Shikamoo mzee wetu. Swali la baba yako liliulizwa na mataifa mengi mwaka ule ule, na lilifika hadi The Hague.

Tuanze na maneno. "Peacekeeping" tumezoea kuiita kulinda amani: pande zimekubaliana, askari wanakaa katikati, silaha zao ni za kujikinga. "Peace enforcement" ni pale ambapo angalau upande mmoja haukukubali, na askari wanatumwa kuubana. Hati ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 1945 haina msemo wowote kati ya hiyo miwili. Inalo neno "enforcement" peke yake, katika ibara ya 2 na ya 53 kwa mfano, ikihusishwa na sura ya saba, ile inayoruhusu hatua za kushurutisha amani inapotishiwa. Na nakala ya Kifaransa ya ibara hizo, ambayo nayo ni rasmi, inasema "coercition" na "action coercitive". Angalia, mzee, jinsi Kifaransa kilivyoshindwa tena kupata neno moja la sheria na la vita. Panapohusu kanuni kinasema "faire respecter", panapohusu dola kinasema "coercition", na Kiingereza kinatembea na neno lake lile lile kutoka kibao cha mgodini hadi Baraza la Usalama.

Sasa askari wa utoto wako. Katanga, jimbo letu wakati huo, ilijitangazia kujitenga tarehe 11 Julai 1960, na askari wa Umoja wa Mataifa waliidhinishwa kuja Kongo siku tatu baadaye, kwa kuombwa na Serikali ya Léopoldville, Kinshasa ya leo. Azimio namba 161 la Baraza la Usalama, la tarehe 21 Februari 1961, liliwaruhusu kutumia nguvu, ikibidi na kama njia ya mwisho, ili kuzuia vita vya wenyewe kwa wenyewe. La Novemba mwaka huo, namba 169, likaongeza ruhusa ya kutumia nguvu ili kuwakamata mamluki wa kigeni. Mapigano ya Septemba na ya Desemba katika mji huu, uliokuwa bado unaitwa Élisabethville, ndiyo mliyolalia chini ya vitanda. Kujitenga kulikwisha Januari 1963.

Mtu yeyote aliyekuwa chini ya kitanda angesema huo ni ushurutishaji mtupu. Mahakama ya Kimataifa ilisema vingine. Baadhi ya nchi, zikiwemo Ufaransa na Umoja wa Kisovieti, zilikataa kulipa gharama za shughuli ile, swali likapelekwa The Hague, na katika maoni yake ya tarehe 20 Julai 1962 mahakama ikaeleza kwamba shughuli ya Kongo haikuwa hatua ya "enforcement" ya sura ya saba, kwa kuwa haikuelekezwa dhidi ya dola yoyote. Katanga haikuwa dola. Kwa sheria, basi, mizinga ile haikuwa "enforcement". Masikio ya watoto wa Kamalondo hayakuulizwa.

Msemo wenyewe, "peace enforcement", ulipata umaarufu mwaka 1992, Katibu Mkuu Boutros Boutros-Ghali alipopendekeza vikosi vya jina hilo. Na tarehe 28 Machi 2013 Baraza la Usalama, kwa azimio namba 2098, liliunda kwa ajili ya mashariki mwa nchi yetu kikosi cha askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, wakapewa kazi ya kuyashambulia makundi yenye silaha. Azimio hilo linatumia neno "neutralize". Wanadiplomasia wanapofanya jambo zito huchagua neno jepesi, na ukitaka maoni yangu, hilo halikuwa na ulazima: watu wa Goma walijua kilichokuja.

Redio husema "kulazimisha amani". Msemo huo una kasoro niliyoitaja kuhusu kibao cha mgodini, maana amani hailazimishwi, wanaolazimishwa ni wapiganaji. Ila umeshaenea, na hata Kiingereza chenyewe kimejinyoosha hapo, kwa kuwa amani si kanuni. Katika maandishi yangu mimi huandika "kuwalazimisha wapiganaji kushika amani". Ni ndefu, lakini mtu anaonekana.

Swali la nne

Nilikuwa polisi wa barabarani miaka 11. Naomba kazi katika kampuni moja ya usafirishaji huko Kasumbalesa, na wasifu unatakiwa kwa Kiingereza. Je, naweza kujiita "law enforcer"?

Jibu

Ndugu afisa, usifanye hivyo. Sarufi inaruhusu, lakini "enforcer" likisimama peke yake humfanya Mmarekani awaze mtu anayetumwa na genge kuvunja miguu ya wadaiwa, na Mkanada awaze mchezaji wa hoki ya barafu aliyewekwa katika timu kwa ajili ya ngumi. "Law enforcement" linafaa, ila ni jina la fani nzima, polisi, forodha na wengineo, wala si cheo cha mtu. Wengine wamelitafsiri "vyombo vya dola", tafsiri inayoiacha sheria nje na kumwingiza Leta, yaani dola, peke yake, kwa hiyo siipendi hata kwa Kiswahili.

Andika "traffic police officer, 11 years". Chini yake unaweza kuweka mstari mmoja: "enforced speed and load limits". Hapo kitenzi kiko mahali pake, kwa kuwa wewe, tofauti na yule dereva wa Ruashi, kweli ulikuwa ukiwasimamisha watu.